Mazoezi ya Kuungama

Shule ya Mtakatifu Tarsisi,
Njia ya Siakago, Embu
Jumamosi, 15 Mei 1954

Mama Karwirwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenu Mbeere ulikozaliwa, pamoja na vumbi lake. Mvua imetukataa kabisa. Kunde za shamba la shule, ambazo Darasa la Nne walizipanda kwa kamba na mstari kama kitabu cha kilimo kinavyotaka, zimekauka kabla ya kutoa ua. Za jirani yetu, aliyerusha mbegu ovyo, nazo zimekauka. Sijui somo hilo limewafundisha nini.

Barua hii nimempa Bwana Idrisi mchinjaji, anayeshuka kila wiki kununua mbuzi, naye ameniambia kwamba mnapanga nyumba moja pale Majengo. Sikuipeleka posta kwa sababu tangu itangazwe Hali ya Hatari barua zinafunguliwa. Yeye ataificha ndani ya bitana ya kofia yake. Ukimaliza kuisoma, itie motoni.

Nianze na mema. Mwanao Teresia Karwirwa ndiye wa kwanza katika hesabu, Darasa la Nne zima, na wavulana hawajamsamehe. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa kuingia shule ya kati, yaani Darasa la Tano hadi la Nane. Wasichana wanaopata nafasi ni wachache sana. Mimi nasema huyu ataipata. Lakini hapa kwetu dini ina alama sawa na hesabu, na mtoto ambaye hajapokea Komunyo ya kwanza haruhusiwi hata kuufanya huo mtihani. Ndivyo alivyoamua Padri. Komunyo itakuwa siku ya Sikukuu ya Ekaristi, tarehe kumi na saba mwezi ujao.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike. Katika mpango wa masomo ya dini, wiki hii ilikuwa ya mazoezi ya kuungama. Mwalimu huketi nyuma ya ubao badala ya padri, watoto huja mmoja mmoja wakapiga magoti na kutaja makosa. Kitabu kinataka wakariri maneno tu. Mimi sipendi mtoto aimbe kitu asichokielewa, kwa hiyo niliwaambia waseme makosa yao ya kweli, ili ulimi uzoee. Nikaongeza kwamba anayedanganya katika maungamo anaongeza dhambi juu ya dhambi. Nilipata mambo ya kuchekesha. Mmoja alikuwa ametia chura ndani ya ndoo ya Sista.

Mwanao alipopiga magoti alinong'ona kwamba kosa lake kubwa ni kuwadanganya homgadi, walinzi wale wa serikali huko kwenu Imenti. Walimsimamisha njiani wakamuuliza kibuyu kina nini, akasema maji. Kilikuwa na uji. Kisha akaniambia uji ulikuwa unakwenda msituni, na kwamba ni baba yake aliyekuwa akiungojea, na kwamba wewe ndiwe uliyemtuma.

Hakuna mwingine aliyesikia. Nimemwambia asirudie maneno hayo kwa mtu yeyote. Lakini mimi nimeyasikia. Niandikie unieleze.

Wako katika kazi ya watoto,
Salesio Mithika, Mwalimu


Majengo, Meru
Jumatano, 19 Mei 1954

Mwalimu Salesio,

Salamu nimepokea, vumbi nakurudishia.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwa Mwanakombo, mwenye nyumba wetu, halafu nikatafuta kigoda. Nimeichoma. Mwanakombo akaniuliza, "Wachoma nini, Felicitas?" Nikamwambia karatasi ya kufungia chumvi. Umenifanya mwongo asubuhi na mapema.

Sasa na mimi nakuuliza, na unijibu bila kuzunguka. Nani alikutuma? Mimi nilibatizwa nikiwa mtu mzima, najua kuungama. Niliungama kwa padri, sikuungama kwa mwalimu nyuma ya ubao. Hapa soko la Gakoromone tunapouza viazi wanawake wanasema walimu wa misheni wamepewa kazi na boma ya serikali, wawaulize watoto nyumbani kunapikwa chakula cha watu wangapi na nani analala wapi. Nilikuwa nawaambia hayo ni maneno ya soko. Leo sijui niwaambie nini.

Umemwambia mtoto wa miaka kumi kwamba asiposema kweli ataungua motoni, kisha ukakaa na kutega sikio. Kama hilo ni somo, basi homgadi nao ni walimu.

Nilimleta kwenu kwa sababu hapo karibu ndipo kwa watu wa mama yangu, na kwa sababu nyumba yetu ya juu ilibomolewa watu walipohamishiwa ndani ya kijiji chenye handaki. Nilifikiri kwa masista atasahau. Najua hawezi kusafiri bila pasi, lakini nitaitafuta hata kama ni kwa kupiga magoti kwa chifu. Mfungie nguo zake. Darasa la Tano atalisoma penye watu wasiouliza.

Usipojibu nitaelewa kwamba umeshakwenda kusema.

Mimi,
Felicitas Ciakuthii


Shule ya Mtakatifu Tarsisi
Jumamosi, 22 Mei 1954

Mama Karwirwa,

Umeniumiza, na ningekuwa mtu wa hasira ningeiacha kofia ya Idrisi iende tupu.

Hakuna aliyenituma. Somo hilo lilikuwamo kitabuni kabla mimi sijawa mwalimu. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo, nyuma ya ubao, na mwalimu aliyekuwa akisinzia. Kosa langu ni kutosinzia. Ni kweli boma imeingiza somo lake: kila Ijumaa karani anakuja na picha, anawafundisha watoto utii, na kipindi hicho kimekula kipindi changu cha jiografia. Lakini dini bado ni yangu na ya Padri. Sijamwambia mtu neno lolote.

Hata hivyo kuna jambo jingine, nalo ni baya. Tumetangaziwa kwamba Jumatatu ya tarehe kumi na nne mwezi ujao kamati ya kuchuja watu itafika kwa walimu wa sehemu hii yote. Kila mmoja ataweka mkono juu ya Biblia na kuulizwa kama anamjua mtu yeyote aliyewalisha au kuwaficha watu wa msituni. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto Amri za Mungu, Mama Karwirwa. Kila asubuhi, baada ya sala, kabla ya hesabu. Nitasemaje uongo nimeshika Biblia, halafu Jumanne nisimame mbele yao?

Nilimwuliza Padri kwa mbali, kana kwamba nauliza juu ya kitabu: je, mwalimu aliyesikia kosa la mtoto katika mazoezi anabanwa na siri kama padri? Alicheka. Akasema, "Mazoezi ni mchezo, Salesio. Mchezo hauna siri." Kwa hiyo sina mlango wa kupitia.

Ila kuna mlango wako. Boma imetangaza kwamba mtu akija mwenyewe kusema alilofanya, adhabu yake ni nyepesi na watoto wake hawaguswi. Anayetajwa na mwingine, watoto wake wanaondolewa shuleni siku hiyo hiyo. Nimeliona hilo kwa macho yangu mwezi wa pili, kwa watoto wawili wa Darasa la Pili. Walibeba vibao vyao vya kuandikia mpaka getini, wakanyang'anywa.

Nenda bomani mwenyewe kabla ya tarehe kumi na nne. Nakusihi. Fanya hivyo kwa ajili ya nafasi ya mtoto, na unisaidie na mimi.

Salesio Mithika


Majengo, Meru
Jumatano, 26 Mei 1954

Mwalimu,

Nimesadiki kwamba hukutumwa. Mtu aliyetumwa asingeomba asaidiwe. Pasi sitaitafuta tena. Nisamehe kwa maneno ya soko.

Sasa nikueleze, maana umesikia nusu, na nusu ndiyo inayoua watu. Mume wangu Bundi hakwenda msituni kupigana. Alikuwa fundi wa milango, mtu wa kupenda uji wake na usingizi wake. Mwaka juzi walimchukua usiku wakamlisha kiapo, alirudi hawezi kula. Mwaka jana askari wakazunguka kijiji wakibeba kila mwanamume, na yeye akakimbia. Aliogopa kusema kwamba ameapa na aliogopa kusema kwamba hajaapa. Walimpiga risasi ya paja akikimbia. Huyo ndiye mtu wa msituni niliyemlisha. Alikuwa amelala chini ya mizizi, hata bunduki hakuijua inashikwa wapi.

Nilimtuma Karwirwa kwa sababu mimi nilikuwa nafuatwa. Hakuna mama anayetaka kumtuma mtoto njia hiyo. Nilimpaka majivu miguuni aonekane anatoka kuchota maji mbali, nikakaa nyumbani nikihesabu pumzi zangu mpaka arudi.

Bundi amekufa, mwalimu. Alikufa mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mguu ukiwa umeoza. Nilimfukia mwenyewe kwa jembe. Karwirwa hajui. Nimemwambia baba yake alipona akaenda Nanyuki kupasua mbao, na mambo yakitulia atarudi. Anamwombea kila jioni safari njema, Sista mmoja aliniandikia akisifu. Basi unaona, na mimi nina mazoezi yangu ya kusema uongo.

Unanitaka niende bomani kusema nilimlisha maiti. Watasema nilimlisha gaidi, na wengine wamenyongwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Adhabu nyepesi hiyo ni ya maneno ya kipaza sauti. Mimi sijamwona aliyerudi kutoka huko na wepesi wowote.

Nakuomba jambo moja. Siku hiyo wakikuuliza, sema hujui. Ni neno dogo. Mungu ana kazi nyingi, hatalisimamia hilo. Mtoto wangu apate Komunyo yake na mtihani wake, hayo mengine nitayabeba.

Felicitas Ciakuthii


Shule ya Mtakatifu Tarsisi
Jumamosi, 29 Mei 1954

Mama Karwirwa,

Pole kwa mumeo. Nimemwombea katika Misa bila kutaja jina.

Lakini siwezi. Neno hilo si dogo kwangu. Mtu aliyemmaliza mumeo alimmaliza kwa kiapo kabla ya risasi, wewe mwenyewe umesema. Na mimi unanitaka niape uongo, nikaendelee kuishi na mdomo huo huo nikiwafundisha watoto sala.

Usiponisikia, tarehe kumi na nne nitasema ninachokijua. Nakueleza mapema ili usiseme nilikuvizia. Watakuja kukuchukua, na Teresia ataondolewa darasani na mtu mwingine, si mimi, maana mimi sitaweza kumtazama. Ukienda mwenyewe, atabaki. Uamuzi uko kwako na siku bado zipo.

Wiki hii wamefika mgawanyo mrefu. Ameumaliza kabla sijamaliza kuuandika ubaoni.

Salesio Mithika


Shule ya Mtakatifu Tarsisi
Jumanne, 8 Juni 1954

Mama Karwirwa,

Usiende bomani. Naandika hilo kwanza ili ulisome hata kama mengine hutayasoma.

Walikuja jana, kabla ya siku waliyotutangazia. Labda ndiyo kazi yao, kuja kabla ya siku. Watoto walikuwa katika hesabu. Waliwatoa nje wakakaa chini ya ukuta na vibao vyao, na meza ya kamati ikawekwa ndani ya darasa langu. Mzungu mmoja kijana, machifu wawili, karani, na kwenye kona mtu aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa akimtambua mtu.

Mwalimu aliyenitangulia tumefundisha pamoja kwa miaka, jina lake sitaliandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia kila kitu. Walimwuliza, akaweka mkono juu ya Biblia, akasema kweli. Alimtaja shemeji yake. Chifu mmoja akamwambia, "Umefanya vizuri, mwalimu, wewe ni mtu wa maana," na yule Mzungu akampa sigara. Mwenzangu havuti sigara. Aliishika tu, akatoka nayo mkononi, akapita mbele yangu bila kuniona. Yeye alikuwa amefanya lile ambalo mimi nilikuandikia kwa mwandiko mzuri kwamba nitalifanya. Sikupenda nilivyomwona.

Nikaingia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu wiki iliyopita, hata kikomo nilijua nitakiweka wapi. Yule Mzungu akasema, "Wewe mwalimu, iko mtu wewe najua, napeleka chakula msituni? Mwanamke? Mtoto?"

Nikasema, "Hapana, bwana. Simjui."

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Aliyefunikwa gunia hakutikisa kichwa. Karani aliandika, nikatia sahihi. Chifu akanisomea kwamba atakayegundulika ameapa uongo atafungwa kambini miaka isiyo na hesabu, na atakuwa sawa na aliyelisha. Nikasema nimeelewa. Nilitoka nje nikawaita watoto warudi kwenye mgawanyo, na sauti yangu ilitoka vizuri tu, jambo ambalo limeniogopesha kuliko yote.

Kuna hili pia, na ni la kwangu peke yangu. Siwezi kupokea Komunyo mpaka niungame. Jana jioni nilikwenda kwa Padri, kwa maungamo ya kweli, si ya nyuma ya ubao. Akaniuliza kama najuta. Nikatafuta, Mama Karwirwa. Nilitafuta kwa uaminifu kabisa, nikakuta naona woga na uchovu, lakini majuto sikuyaona. Nikamwambia hivyo. Akasema bila majuto hawezi kuniondolea dhambi. Siku ya sikukuu watoto wangu wote watakwenda altareni na mimi nitabaki benchini, na kila mtu ataona, na mwalimu asiyepokea hafundishi dini. Basi iwe hivyo. Atakuja mwingine awafundishe, na Teresia atafanya mtihani wake.

Lakini usalama wetu ni huu: tunaojua ni wewe na mimi na mtoto. Ukinyamaza, hakuna njia ya kufika kwangu wala kwako. Niliyokuandikia tarehe ishirini na tisa, yafute. Nilikuandikia kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu.

Idrisi hakuja wiki iliyopita, na sina mwingine wa kumwamini. Barua hii nitakaa nayo hadi atakapofika. Wewe kaa na viazi vyako. Usiende popote.

Salesio


Majengo, Meru
Jumatano, 9 Juni 1954

Mwalimu Salesio,

Naandika haraka. Sebuleni ameketi askari aliyenisindikiza kuchukua blanketi, na Mwanakombo anampa chai ya maziwa na maandazi ili asione haraka ya kuondoka. Namsikia akimwambia, "Kunywa baba, kula na hili, boma haihami." Idrisi anashuka kesho. Wiki jana hakuja kwako kwa sababu soko la mbuzi la Siakago lilifungwa kwa karantini, na mimi siku zote hizo nilikaa na barua yako kifuani. Hiyo sikuichoma mpaka leo asubuhi.

Ulikuwa na haki. Nilikukasirikia siku nzima, halafu nikafikiri, huyu mwalimu angeweza kwenda kusema bila kuniambia, angepata sifa yake na mimi nikaletewa gari mlangoni. Badala yake amenipa siku. Kumlazimisha mtu kama huyo aape uongo kwa ajili yangu ni kumfanyia walivyomfanyia Bundi. Sikuweza.

Basi leo nimekwenda mwenyewe, mapema, kabla ya tarehe yenu. Nilivaa kitambaa changu cha kanisani. Niliwaambia yote: uji, mguu, kaburi. Wanataka niwaonyeshe kaburi, nitawaonyesha. Karani alipiga taipu mpaka vidole vikamchoka. Hawakunipiga. Wamesema kwa kuwa nimekuja kwa miguu yangu mtoto hataguswa, na karani ameliandika hilo mbele yangu, nimelisoma kwa macho yangu. Atafanya mtihani wake.

Na wewe nimekutengenezea vizuri. Bwana D.O., yule ofisa wa wilaya, aliniuliza, "Nani alikuambia kuja?" Nikamwambia ni Mwalimu Salesio Mithika, wa shule ya misheni njia ya Siakago, alijua jambo hili tangu mwezi wa tano na hakuacha kunisihi nije niseme kweli. Nilitaka wajue kuna walimu wa namna hiyo. Alifurahi sana. Aliandika jina lako mwenyewe, kwa mkono wake, akaniuliza Mithika linaandikwaje. Amesema watapeleka habari Embu na watakuja wakuone.

Kwa hiyo siku ya kamati usiwe na wasiwasi. Weka mkono wako juu ya Biblia na uwaambie kila kitu, maana sasa hakuna wa kuumia. Nimefurahi kwamba walau mtu mmoja katika mambo haya atalala na moyo mweupe.

Habari za baba yake usimwambie Karwirwa mpaka mtihani upite. Mwambie mama amesafiri.

Askari amemaliza chai.

Felicitas Ciakuthii


Shule ya Mtakatifu Tarsisi
Jumapili, 20 Juni 1954

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua hii nampa Bwana Idrisi, Sista hajui. Bwana Idrisi amesema Mama Mwanakombo anakuletea chakula bomani na ataiweka chini ya ugali. Mwalimu alisema umesafiri, lakini watoto wa hapa wamenieleza umesafiri wapi.

Jumamosi ile Bwana Idrisi alipoleta barua yako, Mwalimu Salesio aliisoma akiwa amesimama kati ya mbuzi. Akacheka kidogo. Akanikuta pale akasema, "Mama yako ni mtu mwema sana, usisahau kwamba nimekuambia." Halafu akatoa barua aliyokuwa ameiandika zamani akampa Bwana Idrisi, akamwambia akupelekee hata kama imechelewa. Kisha akaingia darasani akafuta ubao wote, na ilikuwa Jumamosi, hakuna masomo.

Jumatatu ilikuja Landrova ya askari katikati ya hesabu. Mwalimu alipangusa chaki mikononi, akatuambia tumalize mgawanyo wa tano na wa sita, atasahihisha akirudi. Tumeumaliza. Hajarudi. Padri alikimbia nyuma ya gari mpaka getini, sijawahi kumwona Padri akikimbia.

Sasa tuna Mwalimu Munyi. Yeye alisema mazoezi ya kuungama tuliyafanya vibaya. Alituandikia dhambi ubaoni, nyingi, akasema kila mtu achague tatu azikariri zisimpotee. Mimi nilichagua kuiba sukari, kuchelewa Misa, na kumpiga ndugu mdogo. Mama, sina ndugu mdogo. Jumatano tuliungama kwa Padri wa kweli. Nilisema zile tatu. Ile yangu ya kibuyu sikuisema. Niliisema mara moja tu, kwa Mwalimu, na wewe ukachukuliwa na yeye akachukuliwa. Sitaisema tena.

Alhamisi nilipokea Komunyo. Masista walitushonea magauni meupe, langu lilikuwa refu, nililishika. Padri amesema mtihani nitafanya, jina langu lipo.

Nilitaka kuuliza kama kuungama dhambi ambayo hukuifanya nako ni kusema uongo. Nilimwuliza Mwalimu Munyi. Alisema swali hilo halimo katika masomo ya Darasa la Nne, nikae chini.

Mtoto wako,
Teresia Karwirwa